Nilivifuata virusi Amani, dengue ikanikuta Tanga mjini

Mtego wa kwanza wa mbu niliouning'iniza maishani mwangu uliliwa na sisimizi. Ilikuwa Aprili 2018, masika imekolea, ukingoni mwa msitu wa Amani katika milima ya Usambara Mashariki. Asubuhi nilipofungua kifuko cha mtego nilikuta mabawa na miguu tu, na msururu wa sisimizi ukishuka taratibu kwenye kamba. Betri ya usiku mzima, barafu kavu ya kuwavuta mbu niliyoiagiza kutoka Dar es Salaam, mvua iliyotulowesha mimi na kijana wa bodaboda aliyenibebea mizigo, vyote vilikwenda bure. Nilikaa kwenye gogo nikalia. Kijana yule alisubiri nimalize, kisha akasema, "Dada, paka grisi kwenye kamba. Mizinga ya nyuki sisi huwa tunaitundika hivyo." Tukapaka grisi tangu siku hiyo, na sisimizi hawakutusumbua tena.

Nilikuwa nafanya utafiti wa shahada ya uzamili. Swali langu lilisikika jepesi: je, mbu wa msitu mnene, mbu wa mashamba ya chai yaliyopakana na msitu, mbu wa vijiji vya michungwa kule chini Muheza na mbu wa Tanga mjini wanabeba virusi vilevile? Kutoka Amani hadi baharini ni safari ya siku moja hata kwa gari bovu. Kwa mbu ni dunia nne tofauti. Msituni anataga kwenye tundu la mti lililojaa maji ya mvua. Shambani anataga kwenye makwapa ya majani ya migomba na magimbi, mle maji yanamotuama. Kijijini anapata vifuu vya nazi, mitungi na matairi. Mjini ana pipa, tangi, na shimo la choo. Hata pwani kwenye mikoko kuna mbu anayeitwa Aedes pembaensis ambaye hukaa mashimoni mwa kaa na kubandika mayai yake kwenye miguu ya kaa mwenyewe. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatembea kidogo, maana sikujua kama kiumbe mdogo hivyo anaweza kuwa na maarifa ya namna hiyo.

Nilikwenda na wazo moja kichwani: msitu ndio ghala la virusi, kwa hiyo hatari iko msituni. Wazo hilo halikutoka hewani. Virusi vya Zika vilipatikana mwaka 1947 kwa tumbili aliyewekwa kama chambo ili aumwe na mbu kwenye msitu wa Zika, karibu na Entebbe, na mwaka uliofuata vikapatikana kwa mbu wa Aedes africanus msituni humohumo. Kabla ya hapo, watafiti wa homa ya manjano waliokuwa na makao Entebbe tangu 1936 walipata virusi chungu nzima huko magharibi mwa Uganda, na majina yake ni ya mahali: Bwamba, Semliki, Bunyamwera. Walikuwa wanatafuta ugonjwa mmoja, wakakuta ukoo mzima.

Ila kuna upande mwingine wa historia hiyohiyo ambao sikuutilia maanani. Chikungunya haikugunduliwa msituni. Iligunduliwa vijijini, kwenye uwanda wa Wamakonde huko Newala, katika mlipuko wa 1952 na 1953, na jina lake ni la Kimakonde: ugonjwa unaomkunja mtu. O'nyong'nyong iliyoanza Uganda mwaka 1959 ilipewa jina na Waacholi kwa sababu ya viungo kulegea na kuuma. Wagonjwa ndio waliozipa homa hizi majina kwa lugha zao, na walikuwa majumbani mwao. Ningeyasikiliza majina hayo vizuri, ningeokoa miezi.

Nianze na vibali, kwa sababu ndiko vijana wengi wanakokwama. Unahitaji kibali cha maadili, kibali cha utafiti cha taifa, ruhusa ya wasimamizi wa hifadhi, barua ya wilaya, halafu mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Mimi nilitenga miezi miwili, ikawa sita. Ofisi moja ilipoteza faili langu nikaanza upya. Masika haimsubiri mtu. Ukichelewa wiki nne umekosa msimu, na kukosa msimu ni kukosa mwaka. Tenga nusu mwaka, tunza nakala tatu za kila karatasi, na usinunue barafu kavu kabla muhuri wa mwisho haujagongwa. Mimi niliinunua mapema ikayeyukia hewani nikiwa bado nasubiri sahihi.

Nilipofika kijijini nilijitambulisha kwa mtendaji, nikaona yametosha. Hayakutosha. Baada ya siku nne kukazuka maneno kwamba kuna mwanamke anatundika vitaa vidogo usiku na kukusanya damu za watu. Mumiani. Kwa mtu wa pwani neno hilo si la mchezo. Bibi zetu walitulaza kwa hadithi zake, na mtu aliyeshukiwa umumiani angeweza kuumizwa. Mtego mmoja ulikutwa umekatwa waya. Mwenye shamba, mzee ambaye nilikuwa nikimwamkia kila asubuhi, safari hii aliitikia "marahaba" bila kuniangalia.

Nilifanya ambalo ningepaswa kulifanya siku ya kwanza. Nilimwomba mwenyekiti aitishe mkutano, nikaleta mtego, hadubini na kisahani cha mbu waliokufa, nikamwita kila anayetaka aje aone mwenyewe. Niliwaambia wazi kwamba simchomi mtu, sichukui damu ya mtu, na hakuna atakayekaa usiku mguu wazi ili aumwe na mbu kwa ajili yangu. Akina mama ndio waliotangulia kwenye hadubini. Bibi mmoja aliangalia kwa muda mrefu, akainua kichwa na kusema, "Mwanangu, huyu mwenye soksi nyeupe ndiye anayeniuma mchana nikichambua mchele. Wewe mitego yako mbona unaitega usiku?"

Alikuwa amemwona Aedes aegypti, mwenye madoa meupe miguuni, ambaye huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri. Mimi mitego yangu ya taa ilikuwa inawashwa jua likizama na kuzimwa alfajiri. Kwa wiki mbili nilikuwa natafuta virusi vya dengue na chikungunya kwa saa ambazo mbu wake amelala. Nilikuwa nimesoma hayo darasani na kujibu mtihani, lakini mitego ilikuwa imepangwa kwa mazoea ya watu wa malaria, nami nikafuata mazoea. Baada ya mkutano ule niliazima mitego ya mchana, ile ya mfuko mweupe yenye harufu inayofanana na ya mwili wa binadamu, nikaweka pia vikopo vyeusi vya maji vyenye karatasi ngumu ya kutagia. Daftari langu likabadilika sura kabisa.

Msituni nilikuwa nimefanya kosa lilelile kwa namna nyingine: mitego yote ilikuwa usawa wa kifua changu. Aedes africanus hukaa juu, kwenye vilele vya miti waliko kima na ngedere, na huuma zaidi jua linapozama. Mtafiti Alexander Haddow na wenzake kule Uganda walilijua hilo zamani. Walijenga majukwaa mitini, kisha mnara wa chuma wa futi 120, ambao mwaka 1960 ulihamishiwa msitu wa Zika, wakawa wanahesabu mbu ngazi kwa ngazi, saa kwa saa. Ndivyo ilivyoeleweka homa ya manjano inavyosafiri: mbu wa juu anawaambukiza tumbili, tumbili wanashuka kuiba ndizi, mbu wa migombani, wa kundi la Aedes simpsoni, anawauma tumbili hao na kisha mkulima. Mimi sikuwa na mnara. Kijana wangu wa bodaboda alirusha kamba kwa manati juu ya tawi, tukavuta mtego hadi juu kama bendera. Gharama yake ilikuwa bei ya kamba. Asubuhi tuliteremsha mbu ambao chini sikuwa nimewaona hata mmoja.

Kwa asiye na uwezo wa kununua barafu kavu kila wiki: hewa inayowavuta mbu unaweza kuitengeneza jikoni. Sukari robo kilo, hamira vijiko viwili, maji ya uvuguvugu lita mbili na nusu kwenye dumu, mpira kutoka kwenye kifuniko hadi mdomoni mwa mtego. Inatoa hewa ya ukaa usiku kucha. Molasi nayo inafaa na ni rahisi kuliko sukari. Nilijifunza hili nikiwa nimekwisha kutumia karibu robo ya fedha zangu.

Lakini kuhifadhi sampuli, hapo hakuna njia ya mkato. Virusi hivi vingi vimeandikwa kwa RNA, inayobeba maagizo yao kama DNA inavyobeba yetu, na RNA huharibika upesi mbu akishapata joto. Ukimtoa mbu mtegoni akiwa hai, umuue kwa baridi, umpange kwa aina juu ya sahani ya barafu, umweke kwenye kichupa na kumrudisha kwenye baridi kali, basi una sampuli. Ukichelewa una mdudu aliyekufa. Julai 2018 nilisafirisha kazi ya wiki mbili kwenda maabara Dar es Salaam. Deli la barafu kavu liliwekwa kwenye buti la basi, karibu na injini. Basi likaharibika Segera, tukakaa pale hadi jioni. Nilipofungua deli usiku ule halikuwa na barafu hata punje. Vichupa vilikuwa na uvuguvugu wa chai iliyopoa. Nilipiga hesabu ya barafu, nauli, betri na posho: zaidi ya shilingi 450,000. Fedha inauma, ila kilichonikaa rohoni ni zile wiki mbili za watu kuamka alfajiri pamoja nami.

Tangu siku hiyo nilifanya mambo mawili. La kwanza, nilimtafuta mhamilishaji wa ng'ombe. Tanga ni mkoa wa maziwa, na watu wanaopandikiza mbegu za madume hutunza mbegu hizo kwenye mitungi ya naitrojeni ya kimiminika, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Ukielewana nao wanaweza kukuambia mzigo wa kujaza mitungi unafika lini na wapi. Mtungi mmoja ulinivusha msimu mzima wa vuli. La pili, sikupakia tena sampuli kwenye basi bila kwenda nazo mwenyewe na deli likiwa miguuni pangu. Na hapa sikiliza vizuri: barafu kavu hugeuka hewa ya ukaa. Kwenye gari dogo lililofungwa vioo inaweza kukulevya na kukuua. Fungua dirisha, na kifuniko cha deli usikibane kwa gundi, kitapasuka.

Vichupa viandike kwa kalamu inayostahimili baridi na spiriti, halafu tia ndani kijikaratasi kilichoandikwa kwa penseli. Kuna vichupa 11 vyangu ambavyo hadi leo sijui vilitoka kijijini au msituni.

Kosa linaloniumiza zaidi kati ya makosa ya uwandani ni hili: nilitupa mbu. Nilitupa Anofelesi wote wa wiki tatu za kwanza nikisema hao ni wa malaria, hawanihusu. Nilitupa na madume, kwa kuwa dume hanyonyi damu. Kumbe O'nyong'nyong, iliyowashika watu wapatao milioni mbili Afrika Mashariki kati ya 1959 na 1962, huenezwa na Anofelesi haohao, funestus na gambiae. Na madume? Kuna virusi ambavyo mama humwachia mtoto kupitia yai, kwa hiyo dume ambaye hajawahi kuuma mtu wala mnyama anaweza kuwa navyo. Kenya, kirusi cha mto Kamiti kilipatikana kwa mbu waliokusanywa wakiwa bado viluwiluwi kwenye bonde lililofurika, kabla hawajaonja damu ya yeyote. Homa ya Bonde la Ufa nayo, iliyotambuliwa kwa kondoo karibu na ziwa Naivasha mwanzoni mwa miaka ya 1930, hungoja kwenye mayai ya mbu wa mabondeni miaka na miaka hadi mvua kubwa zije, kama zile za 1997 na za mwishoni mwa 2006. Hakuna mbu wa kutupa. Kama huna fedha za kumpima leo, mgandishe.

Maabara nilianza Januari 2019. Mbu husagwa kwa makundi ya aina moja na mahali pamoja, maji yake huchujwa, sehemu moja humwagiwa chembe hai na nyingine huenda kwenye PCR, kipimo kinachorudufu vipande vya jeni za kirusi hadi vionekane. Chembe zenyewe ni za aina mbili, nami naomba mtu anayeanza azielewe kabla ya kushangilia chochote. Chembe za Vero zimetokana na figo ya tumbili. Chembe za C6/36 zimetokana na mbu Aedes albopictus, na kinga yao ni dhaifu, kwa hiyo karibu kila kirusi cha mbu kinastawi humo. Kirusi kikiua C6/36 na kisiguse Vero, yaelekea ni cha wadudu tu, hakina habari na mtu wala mnyama. Virusi vya namna hiyo vilijulikana tangu 1975, na kadiri watu wanavyotafuta ndivyo vinavyozidi kuonekana. Vingi kati ya virusi vilivyomo ndani ya mbu ni vya mbu mwenyewe.

Februari nilipata mstari mzuri kwenye jeli, alama ya kwamba PCR imekuta kitu. Ulitoka kwenye kundi la Aedes wa kijijini. Tuliposoma herufi zake zilifanana na flavivirusi, ukoo wa dengue na homa ya manjano, lakini hazikulingana na kirusi chochote kwenye hazina ya data. Nilitetemeka mikono. Nilimpigia mama nikamwambia nimepata kirusi kipya, naye akawaambia majirani. Kwa wiki tatu nilikuwa natembea nikiwaza jina nitakalokipa, nikawa nimekaribia kulichagua: jina la kile kijiji.

Msimamizi wangu alisoma kurasa zangu kimya kisha akauliza, "Umeendesha PCR bila kile kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA?" Sikuwa nimeendesha. Nilirudi maabara siku hiyohiyo. Bila kimeng'enya hakupaswi kuonekana kitu, maana kirusi cha RNA hakina DNA. Mstari ulikuwepo, mnene vilevile. Haikuwa kirusi. Ilikuwa chapa ya kirusi cha zamani sana kilichowahi kujiandika kwenye jenomu ya mbu, kikarithiwa kizazi hadi kizazi kama kovu. Mbu wa Aedes wamejaa chapa za namna hiyo, na watu waliokwisha kupita njia hii wanazijua. Nilimpigia mama tena. Simu ile ilikuwa nzito kuliko deli lolote nililowahi kubeba.

Kwa hiyo, kabla hujamwambia mama yako: safisha sampuli kwa kimeng'enya kinachokula DNA, endesha kipimo cha pili bila kimeng'enya cha kugeuza, angalia kama maandishi ya jeni yanaendelea bila kukatizwa na alama za kikomo katikati, jaribu kukikuza kwenye C6/36. Vikipita vyote vinne, basi piga simu.

Miaka michache baadaye nilisoma kazi iliyofanywa karibu na msitu wa Taï, Côte d'Ivoire, ambayo ilinipa miwani ya kuangalia data zangu mwenyewe. Walikwenda kama nilivyokwenda mimi, kutoka msitu usioguswa hadi makazi ya watu, ila wao kwa uwezo mkubwa. Walipata virusi 49, na 34 kati yake vilikuwa vipya. Aina nyingi za mbu na za virusi zilikuwa msituni na kwenye maeneo yaliyoguswa kiasi, lakini vingi kati ya virusi hivyo vilikuwa adimu. Karibu na watu, virusi vitano vilizidi kuonekana mara kwa mara. Sababu kubwa ilikuwa mbu wa aina moja, Culex nebulosus, ambaye kati ya mbu wote alikuwa asilimia 3 msituni na asilimia 38 palipoharibiwa. Mbu mmojammoja hakuwa ameambukizwa zaidi kuliko mwenzake wa msituni. Walikuwa wengi zaidi tu.

Nilirudi kwenye daftari langu la uwandani. Amani: aina nyingi za mbu, kila aina wachache. Tanga mjini: wawili tu wametawala, Culex quinquefasciatus wa vyoo na makaro, na Aedes aegypti wa mapipa. Swali langu la "wapi kuna virusi vingi" lilikuwa limekaa vibaya tangu mwanzo. Nilipaswa kuuliza ni mbu yupi tunayemzidisha kwa mikono yetu, na yeye anabeba nini. Hapo kwanza ndipo nikaona umuhimu wa kazi niliyokuwa naifanya kwa haraka haraka ili nifike kwenye PCR: kumtambua mbu mmojammoja chini ya hadubini, kwa kichwa, mgongo, miguu. Ile ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Ukikosea jina la mbu, hata kirusi ukikipata hujui kimetoka kwa nani. Tafuta mzee wa maabara aliyetambua mbu kwa miaka mingi, kaa ubavuni mwake mwezi mzima, hata kama hana shahada hata moja. Mimi nilikaa siku tatu nikaona nimejua.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenifanya niandike.

Nilipokuwa Tanga mjini nilikaa kwa shangazi yangu. Uani kwake kuna pipa la maji, kwa sababu maji ya bomba hayaaminiki, na uani pale niliweka mtego mmoja wa mchana na vikopo viwili vya mayai. Ulikuwa uwanda wangu wa "mji". Kila wiki nilipata Aedes aegypti. Nilichungulia ndani ya pipa nikaona viluwiluwi, nikaviandika kwenye daftari kwa idadi na tarehe, nikafunika daftari. Sikumwambia shangazi. Nilijiambia kwamba nikisafisha pipa nitaharibu mfululizo wa data. Miezi mitatu.

Mwaka 2019 dengue ililipuka nchini. Wagonjwa zaidi ya 6,000 waliripotiwa mwaka ule, wengi wao Dar es Salaam, na Tanga pia ilipigwa. Mimi ilinikamata Mei, siku za mwanzo za Ramadhani, niliporudi kwa shangazi kumalizia sampuli. Homa ilipanda kama mtu aliyewasha jiko. Macho yaliuma kwa nyuma, hata kuyageuza nilishindwa, mgongo na magoti yakakaza. Duka la dawa moja walinipima malaria, hakuna. Kesho yake tena, hakuna. Wakaniuzia diklofenaki ya maumivu. Nilimeza. Mimi niliyesoma kuhusu kirusi hiki kwa miaka miwili nilimeza, kwa sababu maumivu hayasomi. Dawa za jamii hiyo, pamoja na aspirini na aibuprofeni, zinaweza kuongeza kutoka damu kwa mgonjwa wa dengue. Cha kumeza ni parasetamoli, na maji, madafu, uji, chochote kinachoingia. Hospitali walinipima antijeni ya NS1, protini ya kirusi cha dengue, ikatoka dengue, na chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, zimeshuka.

Jambo ambalo watu wengi hawaambiwi ni kwamba siku ya hatari si ile ya homa kali. Ni pale homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, mgonjwa akionekana amepata nafuu. Tumbo likiuma sana, kutapika kusikokoma, fizi kutoka damu, mtu kuzubaa, hapo usingoje asubuhi. Na ukishaugua mara moja hujamaliza: virusi vya dengue ni vya aina nne, na kuugua mara ya pili kwa aina nyingine kunaweza kuwa kukali zaidi. Mimi sasa ninaishi nikijua hilo.

Siku ya sita, nikiwa bado kitandani, mjukuu wa shangazi wa miaka minane alianza homa. Nilisikia akilia chumba cha pili kwamba macho yanauma. Alipona, alhamdulillahi. Lakini usiku ule nilimwomba shangazi aniletee daftari langu, nikamsomea: tarehe, idadi ya viluwiluwi, tarehe, idadi. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Kwa hiyo ulijua?"

Nilijua. Msituni nilivaa mikono mirefu na nilikuwa nimechanjwa homa ya manjano. Kijijini niliitisha mkutano. Kwa shangazi, mtu wa damu yangu, niligeuza nyumba yake kituo cha sampuli. Lamu mwaka 2004 chikungunya ilishika sehemu kubwa ya watu wa mji wakati wa ukame, maana maji yalikuwa haba na kila nyumba iliyahifadhi kwenye vyombo. Nilikuwa nimeiandika aya hiyo kwenye tasnifu yangu kwa mkono wangu mwenyewe, nikiwa nimekaa hatua kumi kutoka kwenye lile pipa.

Ukienda kufanya kazi hii, andika kwenye mpango wako tangu mwanzo kwamba mwenye nyumba ataambiwa unachokiona siku unayokiona. Kama jambo hilo linaharibu data, badilisha namna ya kukusanya data. Kamati ya maadili haikuniuliza hilo; ningepaswa kujiuliza mwenyewe.

Nilirudi vijijini Oktoba kutoa mrejesho. Niliwaambia nilichopata na nilichokosea, pamoja na ile hadithi ya kirusi kipya kisichokuwepo. Bibi wa mchele aliuliza afanye nini na mwenye soksi nyeupe. Nilimwambia avifukie vifuu au avigeuze chini juu, afunike mtungi, na pipa asiishie kulimwaga: alisugue kuta za ndani kwa brashi, maana mayai hunata juu kidogo ya ukingo wa maji na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa, kisha yakaanguliwa maji yakiyafikia.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwa shangazi. Pipa lilikuwa limelazwa uani, limemwagwa, na mjukuu wake anazunguka nalo kama gurudumu. Shangazi alinitazama mkoba wangu. "Leo umekuja kuhesabu au kusugua?" Nikamwambia nimekuja kusugua, shangazi. Akanipa brashi, akaenda kutafuta kipande cha chandarua cha kufunikia.